Kabla hujaezua paa la mama, uliza atalala wapi

Msomaji mpenzi, ikiwa wewe ni miongoni mwa wale wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru au Mombasa na una mzazi aliyebaki mashambani, basi jiandae, kwani siku moja utapigiwa simu kuhusu paa. Huenda simu hiyo isitoke kwa mzazi mwenyewe. Wazee wetu wana tabia ya kunyamazia shida zao. Itatoka kwa jirani, au kwa mpwa aliyepita pale wakati wa mvua akakuta sufuria na karai zimepangwa sakafuni, kila moja ikikinga tone lake.

Ukishapata habari hiyo, jambo la kwanza litakalokujia akilini ni bei ya mabati. Utaulizia geji, utaulizia rangi, kisha utawapigia ndugu zako ili mchange. Hayo yote ni mema. Lakini leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni matayarisho ya nyumba, na ya watu waliomo ndani yake, kabla ya bati la kwanza kung'olewa. Mabati hununuliwa kwa siku moja. Matayarisho yakikosekana, hasara yake hudumu kwa miaka.

Kwetu ni Sigor. Sisemi Sigor ile ya Pokot Magharibi, bali yetu ya Chepalungu katika kaunti ya Bomet, upande wa chini ambako majani chai ya Kericho na Konoin huachia nafasi mahindi na ng'ombe. Nyumba ya mama ilijengwa na marehemu baba mwaka wa 1978, siku ambazo mtu aliyeezeka kwa mabati alitajwa kijiji kizima. Mabati yale yalikaa miaka 40 na zaidi. Mabati ya chuma hupakwa zinki ili yasishike kutu, na zinki hiyo huliwa kidogo kidogo na mvua na moshi. Ikiisha, kutu huanzia penye misumari na penye mapindano. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Paa lilitoboka tundu baada ya tundu, naye akaongeza sufuria baada ya sufuria, bila kumwambia mtu.

Tuliliezua paa hilo mwezi wa Februari mwaka wa 2019. Nitakueleza tulivyofanya, si kwa kujigamba, bali kwa sababu kabla ya kazi kuanza nusura familia yetu igawanyike.

Swali la dada yangu

Sisi ni watoto wanne. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyetoa fedha nyingi, alikuwa na mpango mzuri machoni pake. Tumlete mama Nairobi kwa majuma mawili, fundi aachiwe nyumba tupu, kisha mama arudishwe akute paa jipya likimetameta. Fundi aliafiki haraka, maana nyumba tupu aliihesabia siku 5, na nyumba yenye watu aliihesabia siku 9. Siku nne zaidi ni ujira zaidi, na ni chakula zaidi cha mafundi.

Sote tulikuwa tukitikisa vichwa kukubali hadi dada yetu, aliyeolewa Konoin, alipouliza, "Mama ameulizwa?" Hakuna aliyejibu. Basi akampigia simu papo hapo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Niliingia katika nyumba hii ikiwa bado haina madirisha. Mkiiezua nitakuwa ndani. Na huyo ng'ombe anayekaribia kuzaa mmemwachia nani?"

Kaka alikasirika. Alisema kwamba yeye ndiye anayelipa na kwamba wazee wakiachiwa kila uamuzi hakuna kitakachofanyika. Dada naye akamjibu kwamba paa ni la anayelala chini yake. Kwa majuma mawili hawakusemezana. Nakwambia, msomaji, ugomvi wa namna hii haupo kwetu tu. Katika familia nyingi anayetuma pesa hudhani kwamba amenunua na neno la mwisho. Kumbe mzee anayekataa kuondoka mara nyingi hana ukaidi wowote. Ana mifugo, ana akiba yake ya chakula, ana vitu ambavyo ni yeye pekee ajuaye vilipo. Isitoshe, kuna uchungu wa mtu kuondolewa kwake halafu kurudishwa kama mgeni.

Aliyelitatua jambo hilo ni fundi mwenyewe. Alipokwenda Sigor kukagua, mama alimkalisha, akampa chai, kisha akamwuliza, "Mzee, utaanzia chumba gani?" Wakazunguka nyumba pamoja. Waliporudi walikuwa wamekubaliana. Paa litaezuliwa nusu kwa nusu. Mama atalala upande wa mashariki wakati wa magharibi ukiezuliwa, kisha atahamia magharibi chini ya mabati mapya. Kitanda chake kitahamishwa mara moja tu. Fundi alipiga simu kwa kaka akamweleza, na kaka akakubali. Zile siku nne za ziada tuligawana wanne.

Chagua mwezi, kisha chagua saa

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni majira. Katika nyanda za Kericho na Bomet, masika huanza Machi na kupamba moto Aprili na Mei. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye afueni. Wengi wetu hukimbilia Desemba kwa kuwa ndipo tuna likizo. Lakini fikiri. Desemba nyumba imejaa watoto na wageni, na fundi mzuri ana kazi tatu kwa wakati mmoja. Januari na Februari, watoto wakiwa shuleni, ni afadhali.

Hata hivyo usiamini mwezi peke yake. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kwenye nyanda zetu mchana, ukakutana na upepo wa mashariki, na ndiyo sababu mvua zetu nyingi huja alasiri, tena mara nyingi na mawe. Mawe ya mvua huko Kericho na Nandi ni mengi kiasi kwamba katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya majani chai walijaribu hata kurusha roketi angani ili kuyazuia. Sisi hatuna roketi, tuna saa tu. Agana na fundi kwamba kila asubuhi ataezua sehemu anayoweza kuifunika tena siku hiyo hiyo, na kwamba ikifika saa saba mchana hakuna bati litakalong'olewa tena. Nunua turubai mbili imara kabla ya siku ya kwanza, ziwe zimekunjwa pale pale na kamba zake. Kijijini kwetu yuko mtu aliyeezuliwa nyumba nzima asubuhi moja, mvua ikaja saa tisa, na godoro, redio na unga wa mwezi vyote vikaharibika.

Panda kwanza, nunua baadaye

Kabla ya kununua chochote, fundi apande darini na tochi, apigepige kila mbao. Mchwa hula mbao kutoka ndani ikabaki ganda lenye sura nzuri. Nyumba ya mama ilikuwa na mbao 11 za kubadilishwa ambazo kwa chini zilionekana nzima. Tungeligundua hilo baada ya kuezua, tungekuwa na nyumba wazi huku tukitafuta mbao, tena wakati mbaya. Mwezi wa Februari mwaka wa 2018 serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya mbao ilikuwa imepanda.

Hesabu mabati yaliyopo, pima urefu wake, hesabu na kofia za juu, kisha ndipo uende dukani. Kumbuka kwamba kwenye geji nambari ndogo ndiyo bati nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mwenye duka akikuonyesha rangi, wewe mwulize geji.

Ushushe kila kitu

Darini mwa mzee hukaa maisha yake yote. Tulishusha magunia ya mahindi, jembe la ng'ombe, sanduku la bati la baba, na kiota cha nyigu ambacho kilituchelewesha nusu siku. Ikiwa kuna nyuki, usiwaguse mchana. Mwite mrina asali awashughulikie jioni. Ndani ya lile sanduku la baba kulikuwa na stakabadhi za shamba ambazo kaka alikuwa amezitafuta kwa miaka. Kama tungemchukua mama Nairobi, kibarua angelitupa sanduku lile uani pamoja na kutu.

Bati kuukuu likitikiswa humwaga vumbi la kutu na masizi ya miaka yote. Basi ondoa mapazia. Shusha picha zote ukutani, maana nyundo hutikisa ukuta mzima na vioo huanguka. Vibuyu vya mursik vilivyotundikwa vifungwe vizuri na kupelekwa jikoni nje. Nafaka ifunikwe au ihamishwe. Samani zikusanywe katikati ya chumba na kufunikwa karatasi ya nailoni. Dawa za mzee, miwani yake, simu na kitambulisho vitiwe katika mkoba mmoja anaotembea nao. Anayetumia dawa ya presha hawezi kungoja kitanda kifunuliwe.

Stima nayo isisahaulike. Nyaya nyingi hupita juu ya mbao za paa, na nyingine zimeguguniwa na panya. Zima swichi kuu kabla ya mtu kupanda, na fundi wa stima mwenye leseni azikague nyaya dari likiwa wazi, kwani hutapata nafasi nyingine rahisi kama hiyo. Waya unaotoka kwenye nguzo hadi nyumbani si wa kuguswa na fundi wa paa. Ukiwa umefungwa kwenye paa, kampuni ya umeme ijulishwe mapema.

Tangi, ng'ombe na misumari

Hapa wengi huteleza. Kabla ya kuezua, tenganisha gata na tangi la maji, kisha ufunike mdomo wa tangi. La sivyo, kutu, masizi na vipande vya chuma vyote vitaishia katika maji ya kunywa. Paa jipya likiisha, iache mvua ya kwanza ioshe mabati na kumwagika chini, ndipo urudishe gata.

Hili la maji lina uzito kuliko urembo wa rangi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina eneo la mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 20 tu, ambayo kwetu ni ya alasiri moja, inaweza kutoa lita 1,600, ukitoa kidogo kinachopotea. Kaka alitaka vigae vya kisasa vinavyopendeza barabarani. Mama alitaka bati la kawaida lenye gata pande zote mbili. Alisema kwamba hapandi barabarani kutazama paa lake, ila huteka maji kila siku. Bati likanunuliwa, na fedha zilizobaki zikanunua tangi la pili.

Uani nako kuna kazi. Mamia ya misumari kuukuu yatatupwa chini. Mtoto akikanyaga mmoja atahitaji chanjo ya pepopunda. Ng'ombe naye hali kama mbuzi. Hachagui chagui, bali hukusanya nyasi kwa ulimi na kumeza, msumari ukiwa ndani. Msumari huo hukaa tumboni na unaweza kuchoma hadi kwenye moyo, na ng'ombe akafa miezi kadhaa baadaye bila mwenyewe kujua sababu. Basi mifugo ihamishwe mpaka kazi iishe. Kila fundi awe na mkebe wa kutilia misumari anayoing'oa, na jioni mtu apite na sumaku iliyofungwa kwenye fimbo. Tuliazima sumaku kutoka kwa fundi wa magari sokoni. Siku ya kwanza peke yake ilijaza kopo la kilo mbili. Ng'ombe wa mama alizaa siku ya sita, katika zizi la jirani, na mama akaenda kwa miguu yake kumwona.

Amueni pia mapema mabati makuukuu ni ya nani. Fundi anaweza kudhani ni yake, mwenye nyumba akadhani ni yake, na jirani naye ana ahadi tangu mwaka juzi. Mama alikuwa na orodha yake kichwani. Matano ya banda la kuku, manne ya mjane wa jirani, yaliyobaki ya choo. Aliyagawa mwenyewe, na hakuna aliyenung'unika.

Na ninyi mlio na paa la asbesto

Kabla sijamaliza, neno kwa wasomaji wa mijini. Nyumba na shule nyingi za zamani ziliezekwa kwa shiti za kijivu zilizochanganywa na asbesto. Ikiwa paa lako ni la aina hiyo, usiliguse, usilitoboe wala usilivunje. Vumbi lake lina nyuzi ndogo zisizoonekana, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Hapa Kenya, kanuni za taka za mwaka wa 2006 ziliziweka taka za asbesto katika orodha ya taka hatari. Kuziondoa na kuzisafirisha ni kazi ya waliopewa leseni na NEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira. Wapangaji, hilo ni swali la kumwuliza mwenye nyumba kabla mafundi wake hawajaleta nyundo.

Siku tisa

Kazi ya Sigor ilichukua siku 9, kama fundi alivyosema. Mvua ilikuja mara mbili, siku ya tatu na siku ya saba, na mara zote mbili iliikuta nyumba imefunikwa. Mafundi walikula kwa mama. Jioni alipita chini ya kila chumba akitazama juu mchana ukiwa bado upo, na penye tundu la nuru alinyoosha kidole. Tundu mbili alizionyesha fundi akiwa bado pale na ngazi yake, zikazibwa papo hapo. Mwenye nyumba asingekuwepo, zingegunduliwa na mvua.

Halafu ikaja mvua kubwa ya mwisho wa mwaka wa 2019, ile iliyoendelea hadi Januari 2020 ikajaza mito na kukata barabara kote nchini. Kaka ndiye aliyempigia mama simu usiku mmoja kumwuliza hali. Mama alimwambia kwamba hamsikii vizuri kwa sababu mabati mapya yana kelele sana. Kisha akamwambia kwamba sufuria zote ziko jikoni.

Basi, msomaji, ukishakusanya michango, usiharakishe kwenda dukani. Piga simu kwanza, umwulize mzee maswali matatu. Utalala wapi? Darini kuna nini? Ng'ombe atakaa kwa nani? Ukisikia majibu yake, yaandike, kisha umpe fundi. Bati litangoja dukani, na ukichelewa juma moja halitaoza.